Baba Alipouliza Filamu Imetufunza Nini

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na pale nilipokosea tahajia nimefuta kwa kidole chenye mate, kwa hiyo mtaona alama nyeusi hapa na pale. Niliishia darasa la nane na mkono wangu haujawahi kuwa na haraka. Karatasi hizi chache zimenichukua siku nne. Lakini kuandika kunanifaa kuliko kusema. Nikiwekwa mbele ya watu watatu tu, sauti yangu inarudi ndani na kukataa kutoka. Nyinyi wa rika langu siwaoni mkiniangalia, basi nitajaribu.

Juzi nilipeleka redio kwa fundi mmoja pale Kitale. Alikuwa amefungua TV ya zamani, ile yenye mgongo mrefu, na ameiwasha ikiwa wazi hivyo hivyo. Vumbi lililojaa ndani likaanza kupata joto. Harufu yake si ya kitu kinachoungua. Ni kama blanketi lililoanikwa karibu na jiko. Nilisimama pale nikasahau nilichokuja kufanya, mpaka fundi akaniuliza, "Dada, hiyo redio ni ya kutengeneza ama ya kubeba?" Nikampa redio, lakini kichwa changu kilikuwa kimerudi kwetu, kwenye kiti cha mbao kilichokuwa kinanibana mapaja, mbele ya TV yetu ya inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe.

Kwetu ni ndani kidogo kutoka Kiminini. Baba alikuwa na kinu cha kusaga mahindi pale sokoni, na alikuwa akirudi nyumbani nyusi zake zikiwa nyeupe kwa unga, kama mzee sana. Injini ya kinu ndiyo iliyochaji betri ya TV, kwa hiyo kila Jumamosi Baba alirudi na betri imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira. Tulikuwa watu watano katika nyumba hiyo. Baba, Mama, kaka yangu Njoroge aliyekuwa darasa la saba, mimi niliyekuwa la nne, na Cucu, mama yake Baba, aliyekuja na familia kutoka Murang'a zamani na hadi leo anasema ameingia tu Trans-Nzoia kutembea. Mama yeye ni mtu wa Bumula, kule Bungoma, na alikuwa amefika kidato cha nne. Baba alifika wapi, hatukujua. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumamosi jioni, tukishakula, Njoroge alizunguka nyuma ya nyumba kugeuza mti wa antena. Mimi nilisimama dirishani kupeleka habari, na huo ndio wakati pekee nilipopaza sauti.

"Imeshika?"

"Bado, ni chenga tu."

"Na sasa?"

"Sauti iko, watu hawako."

"Sasa je?"

"Hapo hapo. Usiachilie."

"Nitalala hapa ama?"

Filamu zikaanza. Zilikuwa za Kinaijeria, za Kichina, mara moja moja za Kihindi ambazo Cucu alipenda kwa sababu watu walikuwa wanaimba hata wakiwa na shida. Kila mtu alikuwa na maoni yake na hakuyabadilisha. Njoroge alishikilia kwamba wale wanaouawa kwenye filamu ni wafungwa waliohukumiwa kunyongwa, wanakopeshwa watengenezaji wa filamu ili wafe kwa faida. "Lakini stelingi hawezi kufa," alisema. "Stelingi ana familia." Cucu aliwapima watu kwa jiko. "Huyu msichana hajapika tangu tuanze kumwangalia," alisema. "Watu wa nyumba hiyo wanakula nini?" Mimi nilipenda zile nyumba zenye ngazi. Kwa sababu kila mwanamke wa Kinaijeria aliyekasirika alipanda ngazi akilia, niliamini kwamba huko kwao mtu haruhusiwi kukasirika akiwa chini. Nilijiuliza maskini wanakasirikia wapi.

Mama alikuwa anatafsiri. Cucu hakusikia Kizungu, kwa hiyo Mama alikaa karibu naye na kumwambia polepole, "Sasa anamwambia mtoto si wake." Na Cucu akajibu, "Mimi nilijua. Si uliona masikio?" Sauti ya Mama ilikuwa chini, lakini sebule yetu ilikuwa ndogo na ilitufikia sote. Sikumbuki filamu hata moja ya miaka hiyo bila sauti yake ikipita katikati, hadi leo nikiona filamu isiyotafsiriwa naona kama ina upungufu.

Filamu ikiisha, Baba alizima TV ili betri isimalizike, Mama akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, na Baba akageuza kiti kutuangalia.

"Haya. Filamu imetufunza nini?"

Hii ilikuwa sheria ya nyumba. Baba alikuwa mzee wa kanisa na alisema hakuna kitu kinachoingia nyumbani kwake bila funzo. Tulianza na mdogo, na mdogo ni mimi. Mikono yangu ilikuwa inalowa jasho kabla hata filamu haijaisha. Nilikuwa na jibu moja tu, "Tutii wazazi," na nililitoa kila Jumamosi. Nililitoa hata kwa filamu moja ya mbwa aliyewaokoa watu kwenye theluji, ambayo haikuwa na mzazi yeyote. Baba alitikisa kichwa kwa heshima. "Vizuri. Na wengine?" Njoroge akasema yake, Mama yake, Cucu yake. Mwisho Baba aliyachukua yale tuliyosema, akayakunja pamoja, akaturudishia yakiwa yamenyooka kama shati lililopigwa pasi. Nilimwogopa kwa hilo. Niliamini anauliza kama mwalimu wangu wa hesabu alivyouliza saba mara nane, kwamba jibu analo tayari na anataka tu kuona nani amekuja shuleni bure.

Jumamosi moja walikuja wazee watatu wa kanisa kuzungumza na Baba juu ya paa la kanisa lililokuwa linavuja. Walipomaliza habari za paa, filamu ilikuwa inaanza, wakabaki. Mmoja wao, Mzee Barnaba, alikuwa na tumbo kubwa na kikombe chake alikiweka juu yake kama mezani. Filamu ilikuwa ya ndugu wawili. Mdogo alikuwa amemtilia mkubwa sumu, mkubwa akapona, na mwisho wakakumbatiana ndani ya hospitali. Mama alitafsiri kama kawaida, lakini chini zaidi, kwa sababu ya wageni.

Kwa kuwa kulikuwa na wageni, Baba hakungoja tuanze sisi. Alisimama. "Wazee wangu, mmeona wenyewe. Filamu hii inatufunza msamaha."

Wazee wakasema amina.

Mama akasema, taratibu kabisa, "Baba Njoroge, si msamaha. Alisema amemsamehe, lakini kabla ya hapo amemwambia wakili amtoe kwa hati ya nyumba. Anamkumbatia tu ili asishtuke."

"Wewe hukuelewa," Baba akasema.

"Nimesikia akimwambia wakili."

Baba akacheka, na kicheko hakikuelekea kwa Mama, kilielekea kwa wazee. "Mnaona shida ya kuoa mtu wa kidato cha nne? Anasikia mpaka yale hayajasemwa. Haya mwalimu, leta chai."

Wazee wakacheka. Mzee Barnaba alicheka hadi akashika kikombe kisianguke. Mimi pia nilicheka, naliandika hilo kwa sababu ni kweli, nilicheka kwa kuwa watu wazima walikuwa wanacheka. Mama akaleta chai. Aliimimina bila kumwaga hata tone.

Jina la mwalimu likatoka nje ya nyumba. Jumapili iliyofuata, mtu mmoja alimwambia mlangoni mwa kanisa, "Mwalimu, leo mahubiri utatusaidia kuelewa?" na wengine wakatabasamu. Na Jumamosi iliyofuata, filamu ilipoanza, Mama alikaa upande ule mwingine akiwa na ufumaji wake. Cucu akangoja. Mwisho akauliza, "Huyo anasema nini?"

"Labda nitasikia vibaya, Cucu. Muulize Baba Njoroge."

Cucu akamgeukia Baba. Baba akakohoa. "Ngojeni," alisema. "Itaonekana mbele."

Jumatatu moja nilirudi kutoka shule nikamkuta Cucu jikoni, na Cucu hakuwa anapika siku za kawaida. Begi la Mama la kijani halikuwa juu ya kabati. Baba aliporudi, nyusi zake nyeupe, alituambia Mama ameenda Bumula kumsaidia Kukhu, mama yake, kupanda maharagwe. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Ulikuwa wakati wa kupanda. Lakini wiki zikapita na nikaanza kusumbuka juu ya lile shamba la Kukhu. Nililijua. Ukisimama mwanzo wake unaona mwisho wake na mbuzi aliyefungwa huko. Nikafikiri labda wameongezewa lingine. Nikamuuliza Njoroge maharagwe yanapandwa kwa muda gani. Akaniangalia, akaniambia niende kuleta maji. Njoroge alijua. Cucu alijua. Mimi peke yangu nilikuwa nimebaki na maharagwe.

Bila Mama, kazi ya kutafsiri ilimwangukia Njoroge, na Kizungu cha Njoroge kilikuwa na neno moja.

"Anasema nini?" Cucu akauliza.

"Anasema atamuua."

"Na huyu?"

"Yeye pia atamuua."

"Hata huyu wa kuuza maziwa? Si ameleta tu maziwa?"

"Cucu, ndiyo siri yenyewe. Maziwa si maziwa."

Filamu zikawa mbaya sana, ama ni sisi tuliokuwa tumeharibika, sijui. Baba aliendelea kuuliza zimetufunza nini, lakini mafunzo yake yalianza kupinda. Filamu ya muuza maziwa alisema inatufunza tujue anayetuuzia chakula. Kumbe sasa nikifikiria, ilikuwa hadithi ya mapenzi. Niliona pia kwamba tukijibu, Baba anatuangalia midomo, kama mtu anayetazama mizani kinuni akingoja sindano itulie. Niliona, lakini sikuelewa ninachoona.

Jumamosi ya mvua na upepo, Njoroge alilazimika kubaki nje ameshika mti wa antena kwa mikono, amejifunika gunia. Cucu alilala kwenye kiti. Tukabaki mimi na Baba. Filamu ilikuwa ya mwanamume na mke wake na mtoto wao mdogo. Mke alikuwa anasema jambo kwa muda mrefu, anaweka nguo ndani ya begi, hapandi hata ngazi. Baba alijongea mbele. Bila kuniangalia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huyo mama anasema nini?"

Nilidhani ni mtihani. Lakini Cucu alikuwa amelala na Njoroge hayupo, na kuongea mbele ya mtu mmoja naweza. Nikasikiliza kwa bidii yangu yote ya darasa la nne. "Anasema amechoka. Anaenda kwa mama yake."

"Amechoshwa na nini?"

"Sijasikia. Bwana yake hamwangalii akiongea."

Tuliendelea. Kila mara aliniuliza na kila mara nilimwambia, na pale nisipoelewa nilimwambia nilichokiona usoni. Yule mwanamume alibaki nyumbani na mtoto. Alikaa kwenye kiti akiangalia mlango. Alikula mkate. Akaangalia mlango tena. Filamu ikafika mwisho ikaandika kwamba kuna sehemu ya pili. Baba akazima TV, kitambaa akakiweka mwenyewe, kikakaa vibaya. Njoroge akaingia maji yakimdondoka. Cucu akaamka.

Baba akageuza kiti. "Filamu imetufunza nini?"

"Mimi sijaona," Njoroge akasema. "Nilikuwa mti."

Cucu, ambaye aliamka mwishoni tu, akasema inafunza wanawake wavumilie.

Mimi nilikuwa nimezoea kuongea jioni hiyo, mdomo ulikuwa umeshapata joto. Nikasema, "Mimi naona huyo mwanamume ni mjinga."

"Kwa nini?" Baba akauliza.

"Bibi yake hajapotea. Nyumba ya mama yake anaijua. Sasa anakaa kwa kiti kila siku kuangalia mlango, mlango utamletea nini? Si angeenda tu amwambie pole."

Njoroge alinikanyaga mguu kwa nguvu. Cucu alitazama mikono yake. Nilijua nimekosea, lakini nilifikiri kosa ni kumwita mtu mzima mjinga, nikaanza kungoja kiboko. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Na kama anaona haya?" akauliza.

"Huyu wa kwa filamu?"

"Huyu wa kwa filamu."

Nikafikiri vizuri, kwa sababu haya ni kitu ninachokijua. "Basi aende na mtoto," nikasema. "Mtoto akiwa hapo watu hawagombani sana."

Jumamosi iliyofuata Baba hakufungua kinu. Aliosha nyusi kwa sabuni, akavaa koti la kanisani, akaniambia nivae viatu. Alinunua sukari, majani ya chai na leso ya Kukhu. Njia yote hakusema, nami sikusema, na kwa hilo tulifanana.

Tulipokata kona kuingia kwa Kukhu, jambo la kwanza nililoliona ni shamba. Halikuwa limeongezwa. Mbuzi alikuwa pale pale mwisho. Na maharagwe yalikuwa yamekua hadi magotini kwangu, yametoa maua, meupe na mengine ya zambarau. Yalikuwa yamepandwa zamani sana. Hakuna mtu aliyekuwa anapanda kitu. Nilisimama njiani nikiyaangalia yale maua, na polepole, kama ninavyofanya mambo yote, nikaelewa kwamba Mama hakuwa ameenda kusaidia. Alikuwa ameondoka. Na nikakumbuka nilichokisema juu ya mwanamume mjinga, na masikio yangu yakawaka moto.

Mama alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Alinishika kichwa akakibana tumboni mwake, unga ukaniingia nyweleni. Baba alimpa mkono, kama unavyompa chifu.

Kuka, baba yake Mama, ni mrefu na anaongea kama anayechagua mbegu. Alitukaribisha ndani, akaniona nimejibanza kando ya koti la Baba. "Mkwe, naona umekuja na wakili."

"Huyu ndiye ameniambia nije," Baba akajibu.

"Basi wakili akae mbele."

Nikakalishwa mbele, nikatamani ardhi inimeze. Kukhu alikuwepo, na Mama karibu na mlango. Kuka akasema, "Msichana amekaa hapa tangu kupanda. Hatujamuuliza, na hajasema. Mkwe, tuambie wewe."

Baba akajikohoza na kuanza na sauti yake ya kanisani. "Wazazi wangu, katika safari ya ndoa kuna milima na..."

"Hiyo ni ya Jumapili," Kuka akasema. "Leo ni Jumamosi."

Baba akaangalia viatu vyake. Alipoanza tena, sauti ilikuwa ile aliyoniulizia mbele ya TV. "Nilimcheka mbele ya wageni. Nilisema hakuelewa filamu."

"Filamu?" Kukhu akauliza. "Mtoto wangu amelala hapa tangu kupanda mpaka maua, ati kwa sababu ya filamu?"

"Si filamu, Mama," Mama akasema kutoka mlangoni.

"Si filamu," Baba akasema. "Mimi ndiye sikuelewa. Hiyo siku na siku zote. Niliacha shule darasa la tatu nikaenda kuchunga ng'ombe za watu. Hicho Kizungu cha TV kinapita juu yangu kama ndege. Yale maandishi ya chini kwenye filamu za Wachina yanatoka kabla sijamaliza neno la kwanza. Nilikuwa nangoja wewe umwambie Cucu, ndiyo nijue. Na mkimaliza nawauliza imetufunza nini, ndiyo nijue ilikuwa inasema nini."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nahesabu zile Jumamosi kichwani. Zote nilizotetemeka, jasho mikononi, mbele ya mtu aliyekuwa anauliza kwa sababu hajui. Na mimi nikampa "tutii wazazi." Kwa muda wote huo Baba alikuwa anatembea duniani akiamini ile filamu ya mbwa ni ya kutii wazazi, kwa sababu nilimwambia mimi, na aliniamini.

"Miaka yote hiyo," Mama akasema. "Si ungeniuliza."

"Ningekuulizaje, na wewe umesoma?"

"Kwa mdomo."

Kuka alikohoa, na nadhani ilikuwa njia yake ya kuficha kitu kingine. Lakini Mama hakuwa anatabasamu. Alipangusa unga mikononi, kidole kimoja kimoja. "Nimekusikia, Baba Njoroge. Na hayo uliyosema najua ni mazito. Lakini ulinicheka mbele ya watu, na pole umeniletea hapa kwa mama yangu. Hawa hawakunicheka."

"Ni kweli."

"Basi nitakuja maharagwe yakivunwa. Hayo mengine utaona mwenyewe."

Tulirudi wawili. Baba alibeba kuku aliyepewa na Kukhu, na niliona kwamba kupewa kuku si kitu kibaya, lakini si Mama.

Mama alikuja mwisho wa mavuno, na gunia la maharagwe na begi la kijani. Sikujua amesamehe au amerudi tu kwa sababu yetu sisi na shule. Alipika, alifua, alimjibu Baba alipoulizwa. Jumamosi ya kwanza hakutafsiri. Ya pili hakutafsiri. Cucu aliangalia picha tu na kuwapima watu kwa jiko. Mimi niliwaangalia wao badala ya filamu, na nilikuwa naogopa kila begi likiguswa.

Jumamosi ya tatu Baba aliwaalika wale wazee watatu. Hakukuwa na habari za paa, lilikuwa limeshazibwa. Aliwaambia tu waje waone filamu. Mzee Barnaba akaweka kikombe mahali pake tumboni. Mama alikaa upande ule na ufumaji wake, uso umefungwa kama duka. Filamu ilikuwa ya Kinaijeria, watu wengi wamesimama mbele ya nyumba, wote wanapiga kelele. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa na kusema "Eeh," na "Mambo ya dunia hayo."

Katikati ya kelele hiyo Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani, "Mama Njoroge. Huyo amesema nini? Mimi Kizungu hicho kinanipita, na wewe unakielewa."

Sindano ya Mama ikasimama. Wazee wakaacha kutikisa vichwa. Baba hakuwa anaangalia viatu. Alikuwa anamwangalia Mama, na shingo yake ilikuwa inaruka pale mshipa unapopita. Mama aliigeukia TV.

"Anasema shamba halikuuzwa," akasema. "Lilikodishwa tu. Kwa hiyo ni la huyu mzee bado."

Mzee Barnaba akashusha kikombe. "Kumbe ni shamba? Mimi nimekaa hapa nikidhani wanagombania yule msichana."

"Mimi nilidhani kuna mgonjwa ndani," mwenzake akasema.

Wa tatu akasema yeye alikuwa anangoja wengine wacheke ndiyo acheke.

"Nyinyi wote mnakujanga kwa chai," Cucu akasema.

Hapo wakacheka, na safari hii kicheko hakikwenda kwa mtu. Mama alikuwa wa mwisho kucheka, na alicheka kidogo tu, kama anayeonja chumvi. Halafu akaweka ufumaji chini, akainuka na kiti chake, akakileta mbele kabisa, kando ya TV, mahali ambapo watu wazima wote watano na sisi watoto tungemsikia.

Nyinyi mliokuwa na TV nyumbani miaka hiyo, niandikieni. Niambieni kwenu ni nani aliyekuwa anaelewa, na ni nani aliyekuwa anatikisa kichwa tu, na kama aliwahi kusema. Na kama mwenye kutikisa kichwa ulikuwa wewe, niandikie pia. Sitamwambia mtu.